Kwa nini mchoro wa bango hukwama kwenye barua pepe

OFISI za Dodoma zinazochapisha mabango Dar es Salaam, umbali wa takriban kilometa 450, hazilazimiki tena kumkabidhi kondakta wa basi diski yenye mchoro. Hata hivyo, intaneti nayo ina mipaka yake.

Bango la ukubwa wa A1 lililoandaliwa kwa nukta 300 kwa inchi, katika rangi nne za uchapaji, hufikia megabaiti 280 hivi kabla ya kubanwa. Gmail hairuhusu kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Isitoshe, faili linapopita katika barua pepe hugeuzwa kuwa herufi na kuongezeka uzito kwa theluthi moja, hivyo hata la megabaiti 20 huweza kurudishwa na seva ya mpokeaji.

Njia ya uhakika ni kulihifadhi faili mtandaoni, kwa mfano Google Drive, kisha kumpelekea mchapaji kiungo. WhatsApp pia yafaa, mradi mchoro utumwe kama hati. Ukitumwa kama picha hupunguzwa nukta, na ukungu huonekana bango likiwa limekwisha kulipiwa na kutundikwa.

Wabunifu wengi husahau jambo moja: bango la kutazamwa kutoka ng’ambo ya barabara halihitaji nukta 300. Nukta 100 zatosha, na uzito hushuka hadi sehemu moja ya tisa.