Chini ya Mlima, Juu ya Tope

Ukiwa kwenye barabara kuu kati ya Mombo na Same, milima ya Usambara ya Magharibi inakusimamia ghafla. Ukuta wa mawe unapanda zaidi ya mita 1,000 kutoka tambarare, na upande wa pili Mto Pangani unajikokota kuelekea Bahari ya Hindi. Kati ya ukuta huo na mto kuna ukanda wa ardhi ambao abiria wa mabasi huupita wakiwa wamesinzia. Kwa mwendesha baiskeli ya changarawe, ukanda huo ni miongoni mwa maeneo bora kabisa nchini, na sababu kubwa ni udongo wake.

Baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano ya lami, lakini matairi yake ni mapana, milimita 40 hadi 50, na gia zake nyepesi humwezesha mtu kupanda kilima cha mawe bila kushuka. Kenya imekuwa na mashindano yake ya Migration Gravel Race tangu 2021, na ubingwa wa dunia wa mchezo huu uliandaliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022 huko Italia. Wanaoanza wakitaka kupanga njia, swali lao la kwanza huwa ni urefu wa vilima. Mimi huwataka waanze na maji: yametoka wapi, yanapita wapi, na yameacha nini njiani.

Kijito kinachotoka mlimani kina nguvu kwa sababu ya mteremko. Kikifika tambarare, nguvu inakatika, na mzigo kiliobeba unaanza kuachwa kwa mpangilio. Mawe makubwa huanguka kwanza, pale pale mlima unapoishia. Mbele kidogo hubaki kokoto, kisha mchanga wa chengachenga, kisha mchanga laini. Udongo wa mfinyanzi, ambao ni mwepesi kupita vyote, husafiri hadi bondeni na kutulia karibu na mto. Kazi hiyo imefanyika kwa maelfu ya miaka, kijito baada ya kijito, kuanzia Makanya na Hedaru chini ya milima ya Upare hadi Mazinde na Mombo. Matokeo yake ni kwamba ukishuka kutoka ukuta wa mlima kuelekea mtoni unavuka aina tatu au nne za ardhi katika mwendo wa kilomita chache, na moja tu kati ya hizo inafaa kwa baiskeli mwaka mzima. Ni ile ya kokoto na mchanga wa chengachenga, ambayo maji huipenya haraka. Mvua ikinyesha usiku, kufika saa nne asubuhi inapitika.

Utaratibu huu wa udongo kubadilika kutoka kilimani hadi bondeni ulielezwa kisayansi na mtu aliyefanya kazi milima hii hii. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara ya Mashariki, aliuandika mwaka 1935 na kuuita katena. Wataalamu wa udongo duniani kote wanatumia wazo hilo mpaka leo. Aliona kwamba udongo mwekundu wa juu, wa kijivu wa katikati na mweusi wa bondeni ni familia moja, na kwamba ukiujua mmoja unaweza kubashiri utakaoukuta mbele. Mpanga njia hahitaji maabara kwa hilo. Rangi ya barabara inamtosha.

Udongo mweusi ndio wa kuogopwa. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza tairi la mbele, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, huvimba na kunata. Kwenye baiskeli nafasi kati ya tairi na fremu ni milimita chache tu. Mizunguko kumi ya gurudumu inatosha kuijaza tope na majani, na gurudumu likigoma kuzunguka, ukilazimisha pedeli unaweza kuvunja kile kijichuma kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Usiendeshe. Beba baiskeli begani, pita kwenye majani pembeni, na kwangua tope kwa kijiti kabla halijakauka.

Watu waliujua ukanda huu kabla ya sayansi. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Pangani ikielekea Kilimanjaro ilipita chini ya milima hii. Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai aliyekuwa mtawala wa Usambara kutoka ukoo wa Wakilindi, alikaa Mazinde, kando ya njia ya misafara, badala ya Vuga kule juu kwenye kiti cha utawala wa Wakilindi. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga nayo ilifuata mle mle, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Leo njia za huduma kando ya reli, barabara za vijiji na njia za mashamba ya mkonge zinaungana kiasi kwamba mtu anaweza kukwepa lami kwa sehemu kubwa ya safari. Mashamba ya mkonge ni mali ya watu, kwa hiyo omba ruhusa getini. Na kaa katikati ya njia, maana ncha ya jani la mkonge haina huruma kwa tairi wala kwa goti.

Kwa barabara zilizomwagwa moramu, adui ni ile mikunjo ya kukatisha inayofanana na bati. Wengi hulaumu malori. Majaribio ya wanafizikia yameonyesha kwamba gurudumu lolote likipita juu ya mchanga mkavu kwa kasi inayozidi kiwango fulani litatengeneza mikunjo, hata likiwa jepesi na halina springi. Bodaboda zinachangia kama malori. Mwenye baiskeli atafute ule mstari mwembamba wa pembeni kabisa, ambako magurudumu ya magari hayafiki, huku akichunga mchanga uliorundikana hapo.

Mchanga unataka utulivu. Weka gia nyepesi kabla ya kuingia, kaa kwenye kiti, legeza mikono, na acha usukani ucheze kidogo. Anayeukaza usukani ndiye anayeanguka. Upepo wa matairi nao uwe mdogo kuliko mafundi wengi wanavyopenda: mtu wa kilo 70 kwenye tairi la milimita 45 anatosheka na psi 30 hivi, nyuma ikizidi mbele kidogo. Mbigili na miiba ya migunga ipo kila mahali, hivyo tairi lisilo na tyubu, lenye maji ya kuziba pancha ndani yake, lina faida ya wazi.

Lakini beba tyubu mbili hata hivyo, tena zako mwenyewe. Baiskeli za mizigo za vijijini hutumia ringi za inchi 28, ambazo kipenyo chake cha kukalia tairi ni milimita 635. Cha ringi nyingi za changarawe ni 622. Tairi la dukani Mombo halitakaa. Tyubu yake, kwa kuwa inanyumbuka, ingekaa, ila valvu yake ni nene, na tundu la ringi yako huenda limetobolewa kwa valvu nyembamba. Jambo dogo kama hilo linaweza kumlaza mtu njiani.

Kuhusu mwelekeo, nina msimamo. Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi likivuma, anzia Korogwe uelekee Same. Utapanda kutoka karibu mita 300 hadi zaidi ya mita 800, lakini pole pole, na upepo utakusukuma mgongoni. Wanaofanya kinyume wakidhani wanateremka hupigana na upepo mchana kutwa, katika nchi kavu yenye kivuli kidogo.

Anayetaka safari fupi na kijani zaidi aliingie bonde la Luengera, linalotenganisha Usambara ya Magharibi na ya Mashariki. Kutoka Korogwe kwenda Magoma na Mashewa unakuwa na milima kulia na kushoto. Ukitaka kuumia kidogo, barabara ya Soni, Bumbuli na Dindira inakushusha hadi Korogwe kutoka kwenye baridi ya mlimani.

Popote utakapochagua, utakutana na watu wenye magunia ya mkaa au madumu ya maji kwenye keria, juu ya baiskeli nzito kuliko yako mara mbili. Wapishe, hasa kwenye mwinuko, kwa sababu wakisimama kuanza tena ni kazi. Na kabla ya kuvuka korongo lolote, waulize kama mvua imenyesha juu jana, kwa maana maji hushuka bondeni hata jua likiwa linawaka. Wakikuambia usubiri, subiri.