Wahusika wa anime wanaohukumiwa kabla ya kueleweka

WAHENGA walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Kauli hiyo yawafaa watu wa makundi mawili wanaokutana na filamu za katuni za Kijapani, maarufu kwa jina la anime.

Kundi la kwanza ni la wazazi. Hao wakipita sebuleni na kumwona kijana mwenye macho mekundu akiwateketeza watu kwa moto mweusi, huhitimisha papo hapo kwamba watoto wao wanafundishwa ushetani. Kundi la pili ni la vijana wenyewe, ambao baadhi yao humlilia muuaji huyo huyo kama shujaa, na wakiulizwa sababu hujibu kwamba alikuwa na nia njema.

Makundi yote mawili yana haraka. La kwanza hutazama nguvu bila kuuliza nia. La pili hutazama nia bila kuuliza matokeo. Makala haya yanawachambua wahusika wanne ambao aghalabu hueleweka vibaya: nguvu zao za ajabu zilitoka wapi, walizitumia kwa sababu gani, na ni gharama gani waliyoilipa.

Mizimu yenye nyuso mbili

Kabla ya kuwajadili wahusika wenyewe, ni vyema kufahamu jinsi Wajapani wa jadi walivyowatazama viumbe wasioonekana. Katika Shinto, dini ya asili ya Japani, viumbe hao huitwa kami. Kami si Mwenyezi Mungu kama anavyoaminiwa na Waislamu au Wakristo, wala si shetani. Anaweza kuwa mzimu wa mlima, wa mto, wa mnyama, au roho ya mtu aliyefariki. Kami mmoja huwa na hali mbili, ya ukali na ya upole. Akiudhiwa huleta maafa, na akienziwa huleta neema.

Mfano ulio wazi ni wa Sugawara no Michizane, mwanazuoni na mtumishi wa serikali aliyesingiziwa uhaini, akapelekwa uhamishoni Dazaifu, na kufia huko mwaka 903. Baada ya kifo chake yaliandamana majanga, na mwaka 930 radi iliipiga kasri ya mfalme mjini Kyoto na kuua watu. Wakuu wa dola waliamini kuwa ni roho ya Michizane inayodai haki yake. Walimrudishia cheo ingawa alikuwa kaburini, na hekalu lake la Kitano likajengwa mwaka 947. Leo hii Michizane, kwa jina la Tenjin, ndiye kami wa elimu, na wanafunzi wa Japani humwomba wakati wa mitihani.

Basi mtu aliyeogopwa kama mzuka wa kisasi ndiye anayeombwa na watoto wa shule. Katika utamaduni wenye kumbukumbu za namna hiyo, si ajabu waandishi wa hadithi kumleta jukwaani mtu wa kutisha, kisha wakamfunua taratibu hadi mtazamaji ajute kumhukumu.

Itachi: Macho yanayoona na kupofuka

Katika orodha ya wahusika wasioeleweka, pengine hakuna anayejadiliwa zaidi ya Itachi Uchiha wa hadithi ya Naruto. Hadithi hiyo iliandikwa na kuchorwa na Masashi Kishimoto kuanzia mwaka 1999 hadi 2014, na ikaanza kuoneshwa katika televisheni mwaka 2002.

Mtazamaji anapokutana na Itachi kwa mara ya kwanza, anaambiwa jambo moja tu: kijana huyu aliuangamiza ukoo wake mzima usiku mmoja, wakiwamo baba na mama yake, akambakiza mdogo wake Sasuke. Kwa mdogo wake huyo alisema kwamba alitaka tu kuupima uwezo wake, kisha akamwagiza aishi kwa chuki hadi siku atakapoweza kumuua. Baada ya hapo alijiunga na Akatsuki, genge la wahalifu waliokimbia vijiji vyao.

Ukweli hufichuliwa baada ya Itachi kufa mikononi mwa Sasuke. Ukoo wa Uchiha ulikuwa ukipanga kuipindua serikali ya kijiji cha Konoha, na Itachi alikuwa jasusi wa pande mbili. Akiwa na umri wa miaka 13, aliwekwa na mmoja wa wakuu wa kijiji, Danzo, mbele ya njia mbili: asimame na ukoo wake, vita vizuke na wote waangamie akiwamo mdogo wake, au auangamize ukoo kwa mkono wake na mdogo wake asalimike. Itachi aliyekuwa ameiona vita akiwa mtoto wa miaka minne, alichagua njia ya pili. Hata kujiunga kwake na Akatsuki kulikuwa ni kwa ajili ya kulichunguza genge hilo kutoka ndani.

Nguvu zake zinashabihiana na maisha yake. Ukoo wa Uchiha hurithi macho yaitwayo Sharingan, na Itachi alifikia daraja la juu zaidi, Mangekyo, ambalo hupatikana kwa kushuhudia kifo cha mtu umpendaye. Macho hayo yalimpa uwezo wa aina tatu. Tsukuyomi ni njozi inayomfanya adui aone mateso ya siku tatu ndani ya kufumba na kufumbua. Amaterasu ni moto mweusi usiozimika hadi uteketeze ulichokilenga. Susanoo ni jitu la nguvu za roho linalomkinga mwenyewe kama ngome.

Majina hayo hayakuokotwa njiani. Ni majina ya kami watatu wakuu wanaotajwa katika Kojiki, kitabu cha kale kilichokamilishwa mwaka 712. Humo imesimuliwa kwamba kami Izanagi alipokuwa akijitakasa baada ya kutoka kuzimu, Amaterasu wa jua alizaliwa kutoka jicho lake la kushoto, Tsukuyomi wa mwezi kutoka jicho la kulia, na Susanoo wa dhoruba kutoka puani. Msomaji wa Kijapani anapoyasikia majina hayo yakihusishwa na macho, anaitambua asili yake.

Gharama yake ni kwamba kila Mangekyo inapotumika, nuru ya macho hupungua. Itachi anapopambana na mdogo wake kwa mara ya mwisho, anakaribia upofu na mwili umekwisha kuliwa na maradhi. Aliyeona mbali kuliko wote ndiye anayemaliza safari yake gizani.

Gaara: Mchanga usiolala

Katika hadithi hiyo hiyo yumo Gaara, kijana wa jangwani ambaye mchanga hujiinua wenyewe kumkinga na kila pigo. Kabla hajazaliwa, baba yake aliyekuwa mtawala wa kijiji aliagiza zimwi liitwalo Shukaku lifungiwe ndani yake ili mtoto awe silaha. Silaha hiyo ilipoonekana kuwa ya hatari, baba huyo huyo alimtuma mjomba wa mtoto amuue.

Mjomba huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa akimwonesha Gaara upendo. Kabla ya kufa alimwambia kwamba hata mama yake hakumpenda kamwe. Tangu siku hiyo Gaara alichora kwa mchanga juu ya paji la uso wake herufi yenye maana ya upendo, akaapa kujipenda mwenyewe tu na kuua wengine ili ahisi kwamba yu hai. Hakuthubutu kulala usingizi, maana akilala zimwi huutawala mwili.

Miaka mingi baadaye anaupata ukweli. Mama yake alimpenda, na mchanga ule uliomkinga tangu utotoni ulibeba dhamira ya mama huyo kumlinda mwanawe. Kile ambacho kijiji kizima kilikidhani kuwa nguvu za zimwi kilikuwa mapenzi ya mzazi. Gaara hatimaye alikuja kuwa mtawala wa kijiji kilichomkataa.

Asiye na uso

Mhusika wa tatu hana hadithi ndefu, na karibu hana maneno. Ni Kaonashi, yaani Asiye na Uso, katika filamu ya Spirited Away ya Hayao Miyazaki, iliyotolewa mwaka 2001, ikashinda tuzo ya Oscar mwaka 2003, na kushikilia rekodi ya mapato nchini Japani hadi mwaka 2020.

Kaonashi ni kivuli cheusi chenye kinyago cheupe. Anaingia katika nyumba ya kuogea mizimu baada ya mtoto Chihiro kumwonea huruma na kumwachia mlango wazi wakati wa mvua. Humo anagundua kwamba wafanyakazi wanapapatikia dhahabu, naye ana uwezo wa kuitoa viganjani mwake. Anaimwaga, anasujudiwa, anakula bila kiasi, kisha anaanza kuwameza watu. Akimmeza mtu huipata sauti yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hana sauti.

Mtazamaji wa haraka atasema huyu ni pepo wa ulafi. Lakini Chihiro anapoikataa dhahabu na kumuuliza nyumbani kwao ni wapi, Kaonashi anatetemeka na kulalama kwamba ana upweke. Hakuwa na uovu wake mwenyewe. Alikuwa kioo cha watu aliowakuta. Penye tamaa akawa tamaa. Akiisha kutapika alivyovimeza na kutoka nje ya nyumba ile, anarudi kuwa mpole, na mwisho anabaki kwa bibi kizee mmoja kijijini akimsaidia kufuma. Dhahabu yake nayo ikawa si chochote ila takataka.

Eboshi: Adui wa msitu, mama wa wakoma

Mhusika wa nne hana nguvu za ajabu hata kidogo, na yamkini ndiye mgumu kuliko wote. Bibi Eboshi wa Princess Mononoke, filamu ya Miyazaki ya mwaka 1997, anatawala mji wa wafua chuma. Anafyeka msitu, anawapiga risasi mizimu ya wanyama, na anataka kukikata kichwa cha Shishigami, mzimu mkuu wa msitu unaotoa uhai na kuutwaa. Risasi ya chuma iliyotoka katika mji wake ndiyo iliyomgeuza nguruwe mwitu Nago kuwa zimwi la laana.

Kwa hesabu hiyo Eboshi ni mwovu. Lakini ukiingia ndani ya mji wake unawakuta wanawake aliowakomboa kutoka madanguro, wakifanya kazi kwa heshima yao. Nyumba ya uani inawahifadhi watu wenye ukoma, ambao yeye mwenyewe aliwaosha vidonda wakati watu wengine walikuwa wakiwakimbia.

Jambo hilo halikubuniwa tu. Miyazaki ameeleza hadharani kwamba alipokuwa akiitafakari filamu hiyo alikitembelea kituo cha wagonjwa wa ukoma cha Tama Zenshoen, jijini Tokyo. Sheria iliyowatenga wagonjwa hao kwa nguvu nchini Japani ilifutwa mwaka 1996, mwaka mmoja tu kabla ya filamu kutoka, na mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba serikali iliwakosea. Mtazamaji wa Kijapani aliyeijua habari hiyo hakuweza kumtazama Eboshi kwa wepesi. Mkono uliokuwa ukiuharibu msitu ndio uliowashika waliotupwa na dola.

Je, nia njema hutakasa?

Hapa ndipo penye swali zito, na ndipo baadhi ya vijana wanapoteleza. Kuelewa sababu ya tendo si sawa na kulihalalisha. Ndani ya ukoo wa Uchiha walikuwamo watoto na vizee wasiojua lolote kuhusu mapinduzi. Nia ya Itachi haikuwafufua.

Zaidi ya hayo, hadithi yenyewe inamkosoa. Mpango wake ulikuwa mdogo wake abaki na heshima kwa kijiji na chuki kwake yeye. Matokeo yake Sasuke alipoupata ukweli alikigeukia kijiji hicho hicho kwa kisasi. Itachi anaporejeshwa kwa muda kutoka wafu, anakiri mbele ya mdogo wake kwamba alikosea kumficha na kuyabeba yote peke yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo ulimfika yule aliyetaka kumlinda.

Eboshi vilevile hakuachwa hivi hivi. Anapoteza mkono, mji wake unabomoka, na katika magofu anasema kwamba wataanza upya kuujenga mji ulio bora. Gaara anaomba msamaha kwa matendo ya maisha yake yote yaliyofuata. Waandishi hawa hawasemi kwamba mwenye kuumizwa ana ruhusa ya kuumiza. Wanasema kwamba mwenye kuumiza mara nyingi aliumizwa, na kwamba asipoulizwa mapema, gharama hulipwa na wasiohusika.

Kwa mzazi, basi, kuizima televisheni kwa hofu hakutoshi, wala kuiacha ikinguruma bila kujua kinachooneshwa. Naruto ina damu na mauaji, nayo haifai mtoto mdogo kabisa. Lakini kwa kijana aliyekua kidogo, swali moja laweza kufungua mazungumzo ambayo amri isingeyafungua: huyu alitaka nini, na je, hapakuwa na njia nyingine?

Kijana atakayeweza kulijibu swali hilo kwa haki, bila kumgeuza muuaji kuwa malaika wala aliyejeruhiwa kuwa shetani, atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa siku atakapokutana na jirani, ndugu au mwanafunzi mwenzake ambaye watu wote wamekwisha kumhukumu.