Fundi anaita nano, seva inasema haipo: Kihariri kimekwenda wapi?

Saa nne usiku, tovuti ya duka haifunguki. Kijana anayeitunza anaingia kwenye seva akijua kabisa kosa liko wapi: herufi moja imekosewa kwenye faili la mipangilio. Anaandika nano na jina la faili, anabonyeza Enter. Jibu linarudi fasta: "nano: command not found", yaani amri hiyo haijaonekana.

Wengi hapo hupata presha wakidhani seva imevamiwa. Mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Nano ni programu tu ya kuhariri maandishi, iliyoanzishwa na Chris Allegretta mwaka 1999. Si sehemu ya kiini cha Linux. Ubuntu ya kwenye seva kwa kawaida huja nayo, ndiyo maana watu huichukulia kama choo cha nyumba, lazima kiwepo. Shida huanza kwenye kontena, yale mazingira madogo ya kuendeshea programu moja moja kwa Docker. Hayo hupunguzwa vitu makusudi ili yawe mepesi. Kontena la Debian huja bila nano na bila vim. La Alpine lina vi ndogo tu.

Cha kwanza ni kujua kama nano haipo kweli au ipo ila haionekani. Kompyuta haitafuti programu kila kona, hupita kwenye folda zilizotajwa katika orodha iitwayo PATH. Fundi akiandika "echo $PATH" ataiona orodha hiyo. Ikiwa imevurugika, hata amri za kawaida kama ls zitagoma. Hapo "export PATH=/usr/bin:/bin" huirudisha kwa muda, halafu anatafuta ni faili gani liliivuruga; mara nyingi ni .bashrc iliyoguswa juzi. Kama ls inafanya kazi vizuri na "ls /usr/bin/nano" haileti kitu, basi kuna uwezekano mkubwa haijawekwa kabisa.

Kabla ya kupakua chochote, ni vyema kujaribu vi. Bill Joy aliiandika mwaka 1976, na hadi leo ipo kwenye mifumo mingi ya jamii ya Unix. Inatisha wageni kwa sababu hawajui kutoka: ni Esc, kisha ":wq" kuhifadhi au ":q!" kutoka bila kuhifadhi.

Vi nayo ikikosekana, kuna kuweka nano. Kwenye Alpine ni "apk add nano". Kwenye Debian na Ubuntu ni "apt install nano", lakini ndani ya kontena jipya amri hiyo hukataa na kudai haikijui kifurushi hicho. Sababu ni kwamba orodha ya vifurushi imefutwa ili kuokoa nafasi, kwa hiyo "apt update" inatangulia.

Mtego uko hapa. Kontena likifutwa na kuundwa upya, nano inapotea, na marekebisho ya faili nayo yanapotea kama faili halikuhifadhiwa nje ya kontena. Tovuti iliyopona usiku huu inaweza kugoma tena wiki ijayo kwa kosa lilelile, na fundi akaanza kujiuliza kama aliota. Salama zaidi ni kulitoa faili kwa "docker cp", kulihariri kwenye kompyuta ya kawaida, kulirudisha, na pia kurekebisha nakala inayotumika kuundia kontena.

Kwa herufi moja tu, kihariri hata si lazima. Amri ya sed hubadilisha neno moja kwa moja ndani ya faili: "sed -i 's/pasword/password/' mipangilio.env". Ila nakala ya faili itengenezwe kwanza kwa cp. Na anayetaka kuongeza mstari kwa echo aangalie alama vizuri: ">>" huongeza mwishoni, ">" moja hufuta kila kilichokuwamo, bila kuuliza.