Kinga na Kinga: Istilahi za Bima ya Nyumba na Moto wa Nyika

Methali yasema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hicho ni kipande cha ukuni chenye moto, nacho kimo katika ngeli ya ki-vi. Lakini ipo kinga nyingine, ya ngeli ya i-zi, yenye maana ya kitu kizuiacho madhara. Nayo ndiyo itumiwayo katika shughuli za bima. Mfasiri aandikaye juu ya bima ya nyumba na moto wa nyika hukutana na maneno haya mawili katika ukurasa mmoja. Akikosea upatanisho wa kisarufi, kinga cha moto hugeuka kuwa kinga ya bima.

Katika makala haya tutaeleza istilahi chache za uwanja huo, tukichukua mifano kutoka California, jimbo la Marekani. Novemba 2018 moto uliuteketeza mji wa Paradise, ukaua watu 85 na kuharibu majengo zaidi ya 18,000. Januari 2025 mioto mingine iliunguza maelfu ya nyumba katika eneo la Los Angeles. Miongoni mwa wahamiaji waishio Marekani wamo wasemaji wa Kiswahili. Mfasiri anayewaeleza mkataba wa bima akipotoka katika neno moja, hasara ni yao.

Kosa la kwanza ni kutumia neno "hatari" kwa dhana tatu zilizo mbalimbali. Twapendekeza zitengwe hivi. Janga ni kile kinacholeta hasara, yaani moto wenyewe. Kichocheo cha hatari ni hali inayorahisisha hasara hiyo kutokea, kama vile majani makavu yaliyorundikana juu ya paa. Hatari ni uwezekano wa hasara kutokea. Mwenye nyumba hana uwezo wa kuliondoa janga nyikani, lakini aweza kuondoa vichocheo nyumbani kwake, na hivyo kupunguza hatari. Dhana zote tatu zikiitwa hatari, maelezo hayo hayatafahamika, na msomaji hatajua lililo katika uwezo wake.

Ama kuhusu moto wenyewe, "moto wa nyika" hufaa zaidi kuliko "moto wa msitu", kwani mara nyingi huwaka katika nyasi na vichaka. Tena, nyumba nyingi haziungui kwa kuguswa na ndimi za moto huo, bali kwa cheche na vinga vipeperushwavyo na upepo, ambavyo hupenya katika matundu ya hewa au kuangukia takataka zilizomo katika mifereji ya paa. Kwa sababu hiyo wenye nyumba hushauriwa kuezeka kwa vifaa visivyoshika moto, kuziba matundu ya hewa kwa wavu mwembamba wa chuma, na kutoacha kitu chochote kiwakacho katika mita 1.5 za kwanza kutoka ukutani. Kutoka hapo hadi mita 30, mimea hupunguzwa na kuachanishwa. Eneo hilo lote twapendekeza liitwe ukanda wa kujihami. Lisiitwe njia ya moto, maana katika njia ya moto mimea yote hufyekwa, hali katika ukanda huu miti michache yaweza kubaki.

Hatua hizo zina uhusiano na ada ya bima, yaani malipo anayotoa mwenye bima ili apate kinga. Kanuni za California za mwaka 2022 huyataka makampuni ya bima yampunguzie ada mwenye nyumba aliyetimiza hatua zilizowekwa. Fidia ni malipo anayopewa baada ya hasara. Hapa hapana budi kutofautisha gharama ya kujenga upya na thamani baada ya uchakavu. Aliyekatiwa bima kwa thamani ya pili, nyumba yake kuukuu ikiungua, hatapata fedha za kutosha kujenga nyingine kama ile.

Mwisho, kuvunja mkataba si sawa na kutouhuisha. Kuvunja ni kuukatisha kabla ya muda wake kwisha. Kutouhuisha ni kukataa kuuendeleza baada ya muda huo kwisha. Wenye nyumba wengi wa California wamekutwa na hili la pili, wakalazimika kukimbilia mpango uitwao FAIR Plan, ulioanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya waliokosa bima kwingineko. Barua ikifasiriwa "bima yako imevunjwa" wakati ambapo bado ina siku kadhaa za uhai, mwenye nyumba aweza kudhani hana kinga tena, akaacha kudai fidia iliyo haki yake.

Haya ni mapendekezo tu. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime katika kazi zao, na walio na maneno bora zaidi wayatoe.