Lishe Bora Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo miaka ya nyuma halikusikika sana katika nyumba zetu: chakula cha mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito.

Pengine aliyefanyiwa ni wewe mwenyewe. Pengine ni dada yako, mama yako au shemeji yako, ambaye ametoka juzi katika hospitali kubwa ya Nairobi, na sasa yuko nyumbani, kilomita 60 na zaidi kutoka kwa daktari wake. Anayeshika mwiko ni wewe. Kwa hivyo sikiliza vizuri. Daktari amefanya kazi ya saa chache. Kazi iliyobaki ni ya jikoni, na ni ya maisha yote.

UPASUAJI HUU HUFANYA NINI?

Unene wa kupita kiasi si jambo la kuonea mtu aibu. Ni hali inayoleta kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya kila watatu nchini Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi kiasi. Wengi husaidiwa na chakula bora na mazoezi. Wachache, hasa wenye uzito mkubwa mno au wenye magonjwa yanayotokana na uzito huo, hushauriwa kufanyiwa upasuaji.

Kuna njia mbili zinazotumika sana. Katika njia ya kwanza, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi, akabakisha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika njia ya pili, hutenga kifuko kidogo kuliko yai la kuku na kukiunganisha na utumbo mdogo, ili chakula kiruke sehemu ya kwanza ya utumbo. Njia hii ya pili ilianzishwa na Dkt. Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966. Kwa hivyo madaktari wamekuwa na miaka mingi ya kuona yanayowapata wagonjwa baadaye.

Jambo kubwa walilojifunza ni hili: mfuko umepungua, lakini mahitaji ya mwili hayakupungua kwa kiasi hicho. Damu bado yataka madini ya chuma. Mifupa bado yataka kalsiamu. Misuli bado yataka protini. Ikiwa nafasi ni ya vijiko vichache tu, basi kila kijiko lazima kiwe na faida.

WIKI ZA MWANZO

Hospitali itakupa ratiba yake, na hiyo ndiyo ya kufuata. Kwa kawaida huenda hivi. Siku za kwanza ni vinywaji vyepesi tu, kwa mfuto mdogo mdogo. Kisha, hadi kama wiki ya pili, ni vinywaji vyenye lishe, kama maziwa yasiyo na mafuta mengi na uji mwepesi. Baada ya hapo huja vyakula vilivyopondwa laini kama chakula cha mtoto mchanga, halafu vyakula laini. Chakula cha kawaida hurudi polepole baada ya miezi miwili hivi.

Usiruke hatua hata kama mgonjwa anasema anajisikia vizuri. Jeraha la ndani halionekani kwa macho. Chakula kigumu kikiingia mapema kinaweza kukwama, kuleta kutapika na kulidhuru jeraha.

Kama huna blenda, usihangaike. Chemsha ndengu mpaka zilainike kabisa, zipondeponde kwa mwiko, kisha uzichuje kwa kichungi safi ili maganda yabaki juu. Ongeza maziwa kidogo au maji ya kuchemshia mpaka ziwe laini.

Hapa nataka kusahihisha mambo mawili tunayoyaamini sana. La kwanza ni supu ya mifupa. Supu hii hupasha tumbo joto, lakini protini yake ni kidogo, na haiwezi kuchukua mahali pa nyama, mayai au maziwa. La pili ni uji. Uji wa maji na unga peke yake ni wanga mtupu. Upike kwa maziwa, na usiutie sukari wala asali nyingi. Asali ya Ukambani ni tamu na ni nzuri, lakini kwa mtu huyu ni sukari kama sukari nyingine.

PROTINI KWANZA

Katika nyumba nyingi sahani huanza na ugali au muthokoi, na kitoweo hufuata. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji huu, mpango huo hugeuzwa. Aanze na protini. Afuate na mboga. Wanga uje mwisho, kama nafasi ingalipo.

Wataalamu wengi hushauri protini ya angalau gramu 60 kwa siku. Je, gramu 60 ni chakula gani? Yai moja lina karibu gramu 6. Glasi ya maziwa ina karibu gramu 8. Nusu kikombe cha ndengu zilizoiva kina karibu gramu 7. Kipande cha kuku au samaki kinachoenea kwenye kiganja, bila vidole, kina karibu gramu 20. Sasa tujumlishe. Mayai mawili ni 12. Glasi tatu za maziwa ni 24. Nusu kikombe cha ndengu ni 7, na kipande kimoja cha kuku ni 20. Jumla ni 63. Hivi si vya kuliwa kwa mkupuo. Vigawanywe katika milo mitano au sita midogo tangu asubuhi hadi jioni, na mwanzoni huenda asifikie kiasi hicho. Haba na haba hujaza kibaba.

Utaona kwamba hakuna kitu hapo kisichopatikana katika soko letu. Ndengu, kunde na mbaazi ni mazao yetu. Omena ni rahisi kununua kidogo kidogo, na huweza kusagwa baada ya kukaushwa na kukaangwa. Maziwa lala ni mazuri pia, mradi yasiwe yametiwa sukari.

Na muthokoi? Punje zake ni ngumu kwa mfuko mchanga. Katika miezi ya mwanzo mwekee ndengu au maharagwe ya kwenye muthokoi, ukiziacha punje za mahindi. Baadaye, daktari akiruhusu, anaweza kuongeza kijiko kimoja au viwili vya muthokoi uliolainika sana. Ugali, chapati na mkate huweza kuganda kama donge na kukwama, kwa hivyo navyo vingoje. Nyama choma ni ngumu. Nyama ya kusaga au samaki ni afadhali.

Mboga kama terere, managu na sukuma wiki zikatwe ndogo na zipikwe mpaka zilainike. Maembe na machungwa yetu ni mazuri yakiliwa kidogo, baada ya protini. Ondoa nyuzi za embe na vile vijiganda vyeupe vya chungwa. Usiyageuze kuwa juisi, kwa sababu juisi hupita haraka na sukari yake yote.

NAMNA YA KULA NA KUNYWA

Tumia sahani ndogo na kijiko kidogo. Kila tonge litafunwe mpaka liwe kama uji. Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Dalili ya kwanza ya kushiba, hata kama ni kubanwa kidogo kifuani, ndiyo amri ya kuacha. Kijiko kimoja cha ziada kinaweza kumtapisha.

Asinywe maji pamoja na chakula. Baada ya kula angoje nusu saa ndipo anywe. Kwa siku anahitaji kama lita moja na nusu au zaidi, hivyo awe na chupa ya maji karibu naye na anywe kidogo kidogo kutwa nzima. Soda aiache, kwa sababu ya sukari na gesi. Pombe na sigara aziache pia.

Akila vitu vitamu, huenda moyo ukamwenda mbio, akatokwa na jasho, akasokotwa na tumbo na kuhara. Hii ni kwa sababu sukari imeingia utumboni kwa haraka. Alale kidogo apumzike, na siku nyingine aepuke chakula kile.

VIDONGE VYA VITAMINI NI VYA MAISHA

Hata mtu akila vizuri namna gani, chakula peke yake hakitoshi. Atahitaji vidonge vya vitamini na madini kama alivyoandikiwa: madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, asidi ya foliki na vitamini B12. Vitamini B12 wakati mwingine hutolewa kwa sindano. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja. Viachane kwa saa mbili. Wala asimeze chuma kwa chai, maana majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini. Apimwe damu kila daktari anaposema, hata miaka mingi baadaye. Upungufu huja taratibu, bila kupiga hodi.

Dawa za maumivu kama brufen na diklofenaki asizinunue dukani bila kumuuliza daktari, kwa sababu zinaweza kuleta vidonda ndani ya ule mfuko mdogo. Na kama alikuwa akitumia dawa za kisukari au shinikizo, apimwe mara kwa mara, kwa kuwa kipimo cha zamani kinaweza kuwa kikubwa mno sasa.

Wewe mama uliye katika umri wa kuzaa, jambo hili ni lako. Madaktari hushauri usishike mimba kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji. Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, na vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi vizuri. Zungumza na muuguzi juu ya njia nyingine. Kama unanyonyesha au umeshika mimba tayari, mweleze mapema kwamba ulifanyiwa upasuaji.

DALILI ZA HATARI

Sasa nisikilize kwa makini. Kutapika mara moja kwa sababu ya kula haraka ni kawaida. Lakini mtu anayetapika siku mbili tatu mfululizo, au asiyeweza kushikilia hata maji, apelekwe hospitali. Asingoje siku ya kliniki. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ndogo, nayo huisha katika wiki chache tu. Ikiisha, mtu huanza kuyumba akitembea, kuona vitu viwili viwili, kufa ganzi miguuni na kuchanganyikiwa. Asipotibiwa haraka, kumbukumbu inaweza kupotea isirudi. Usidhani amerogwa, wala usidhani ni udhaifu wa kukonda. Mweleze mhudumu kwamba alifanyiwa upasuaji na ametapika kwa muda, na uulize kama apewe vitamini B1 kabla ya kuwekewa dripu ya glukosi.

Mpeleke upesi pia akiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio usiotulia, choo cheusi kama lami, au akishindwa kupumua vizuri.

Andika kwenye karatasi aina ya upasuaji, tarehe yake, dawa anazotumia na namba ya simu ya daktari wake. Karatasi hiyo ikae mahali ambapo kila mtu nyumbani anajua. Ukifika nayo Machakos Level 5 au kituo chochote cha afya, mhudumu hatapoteza wakati kwa kubahatisha.

NENO KWA NYUMBA NZIMA

Kwetu mgeni hakaribishwi kwa kijiko. Na mtu akikonda haraka, majirani huanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa fulani. Shangazi atakuja na sahani iliyojaa na kusema, "Kula mwanangu, umekwisha." Ni upendo, lakini upendo huo unaweza kumrudisha hospitali. Wewe mlezi uwe ngao yake. Mwambie shangazi kwa heshima kwamba daktari amempangia chakula, na umwonyeshe kile anachoweza kula. Neno "nimeshiba" liheshimiwe mara ya kwanza linaposemwa.

Nywele zikikatika katika miezi ya kwanza, msiogope sana. Mara nyingi huota tena, lakini hakikisha protini na vidonge havikosekani. Na kumbuka, watoto wasipunguziwe chakula kwa sababu mama anakula kidogo. Wanaweza kula ndengu, mboga na matunda yale yale, kwa kipimo chao.

YA KUKUMBUKA

Protini kwanza, mboga pili, wanga mwisho.
Tafuna sana, kula polepole, acha mara unaposhiba.
Maji yaachane na chakula kwa nusu saa.
Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote.
Kutapika kusikokoma ni jambo la hospitali, leo hii.

Basi mama, na wewe mlezi, unapopika jioni ya leo, chukua kisahani kidogo na uanze na kijiko cha ndengu.