Pikapu ya Marehemu: Haki Kwanza, Matairi Baadaye



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama, wiki hii nawaomba mnivumilie, maana nitazungumza habari za gari ilhali mimi si fundi. Gari lenyewe ni la nyumbani kwa dada yangu huko Vitengeni, na ndani yake mlikuwamo jambo linalozihusu nyumba zetu nyingi.

Shemeji yangu alipofariki aliacha shamba, mbuzi kadhaa na pikapu moja, Toyota Hilux ya miaka ya 1990, ya dizeli, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Ilikuwa imesimama chini ya mwembe kwa miaka miwili, kuku wakitagia ndani yake. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki, hivyo waliobaki ni mjane wake, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Eda ilipokwisha, ile miezi minne na siku kumi, kijana akaanza kuifufua pikapu ya babake.

Anayeijua Vitengeni hatamlaumu kwa kulitamani gari la namna hiyo. Ni bara, katika sehemu za Ganze, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwa atazamaye kutoka baharini. Njia za vijijini ni za udongo: kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi, na vijito vilivyokauka mwaka mzima hujaa kwa muda mfupi. Katika ukame ulioanza 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, watu waliyafuata maji mbali wakiwa na madumu. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua kubwa na mafuriko. Gari jipya la kuhimili njia hizo ni la wenye mali, na hata lililotumika kutoka ng'ambo ni ghali, kwani sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Kwa hiyo aliye na gari kuukuu halitupi, bali hulitengeneza.

Lakini kijana wetu alianzia mwisho. Alikuwa ameona picha za magari ya Rhino Charge, yale mashindano yanayofanyika nchini mwetu tangu 1989 kuchangia hifadhi ya misitu ya Aberdare. Humo gari hutakiwa kuvifikia vituo vyote kwa mwendo mfupi kabisa, na hupita mawe na makorongo ambayo hata mbuzi huyafikiria mara mbili. Mpwa wangu akanunua matairi makubwa, akaongeza plati za springi ili gari linyanyuke, akalipaka rangi ya kijani. Nilipokwenda kuwazuru nikalizunguka, nikasema, "Mashaallah, umemfufua mzee." Neno hilo nalijutia hadi leo.

Siku ile ile alikuja fundi mmoja wa pale, mtu mzima, kutazama breki. Hakutazama matairi wala rangi. Alitandika gunia, akaingia chini kwa nyundo ndogo, akawa anaigonga chesisi kipande kwa kipande. Mahali palipo pazima palilia kwa sauti kali. Alipofika karibu na springi za nyuma, sauti ikafifia, na alipogonga tena nyundo ikatoboa. Rangi mpya ilikuwa imefunika kutu tupu.

"Sheikh," akaniambia akijipangusa, "gari haliundwi kutoka juu. Hili lingekatika kiuno, na watu wamo nyuma."

Jioni, sinia la wali likiwa kati yetu, kijana alikuwa akilalamika kwamba fedha zake zimekwenda bure. Dada yake mdogo, aliyemaliza kidato cha nne, akauliza kwa adabu kabisa, "Mjomba, na sisi hisa yetu imo katika gurudumu lipi?"

Sote tulinyamaza. Dada yangu akainamisha macho. Nami nikaona haya, kwani ninasomesha elimu ya mirathi msikitini, na katika nyumba ya dada yangu mwenyewe sikuwa nimeuliza kama mali ya marehemu imegawanywa. Niliisifu rangi, wala sikugonga chesisi.

Ndugu wasomaji, mtu akifa mali yake si ya mwanawe mkubwa, wala si ya aliye karibu na ufunguo. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha hulipwa madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki hugawanywa kama ilivyobainishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Kijana hakuwa mwizi. Alidhani kwamba kwa kuwa ni yeye awezaye kuendesha, gari ni lake. Na mama yake alinyamaza kwa kumpenda, na mabinti kwa kuchelea kuitwa wenye tamaa. Hivi ndivyo haki za wanawake zinavyopotea katika nyumba zetu: si kwa ugomvi, bali kwa kimya.

Kesho yake tukaketi. Deni la dukani lililipwa kwa fedha za mbuzi. Shamba tuliliwekea siku yake. Kwa pikapu tuliwaita watu wawili wajuao bei, wakaikadiria kama ilivyokuwa chini ya mwembe, kabla ya matairi na rangi: shilingi 160,000. Mjane aliye na watoto ana thumuni, basi dada yangu akapata 20,000. Zilizobaki 140,000 ni za watoto, mwanamume kwa hisa mbili na mwanamke kwa moja: kijana 70,000, na kila binti 35,000.

Binti mkubwa, aliyeolewa Malindi, alitaka fedha zake, na ni haki yake. Kijana akakubali kumlipa 5,000 kila mwezi kwa miezi saba. Binti mdogo na mama yake wakaridhia hisa zao zibaki garini kama mtaji wa shirika. Yote yakaandikwa mbele ya mashahidi, kwani Suratul-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuyaandika madeni. Hasara ya matairi alibeba kijana peke yake, maana hakumshauri mwenziwe. Binti mdogo akakabidhiwa daftari la hesabu.

Ndipo kazi ikaanza upya, na safari hii ilianzia chini. Matairi makubwa yaliuzwa. Bodi ikanyanyuliwa, kutu ikakatwa, na chesisi ikaungwa kwa chuma kizito. Kabla ya kuchomelea, fundi alifungua nyaya za betri na kuliondoa tangi la mafuta, asije akazua moto. Zikafuata breki, mabomba yake, usukani, kisha springi na shokamzoba mpya.

Nilimuuliza fundi kwa nini hakulinyanyua gari kama la mashindano. Akanieleza kwamba gari likipanda juu uzito wake nao hupanda, na kwenye kona au mteremko hupinduka upesi. Tairi kubwa mno huzielemea breki na gia, na saa ya mwendo hudanganya: huonyesha mwendo mdogo kuliko ule gari linaokwenda. Magari ya Rhino Charge hufungwa fremu ya mabomba ya chuma, na dereva huvaa kofia ngumu. Gari la Vitengeni hubeba mahindi, madumu ya maji, na pengine mgonjwa, kila siku ya Mungu. Likanyanyuliwa kidogo tu, likawekwa matairi ya kiasi yenye meno ya kushika tope, ndoano imara za kuvutia mbele na nyuma, na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Maji yakiingia katika injini ya dizeli huwa hayashindiliki kama hewa, na vyuma vya ndani hupinda mara moja.

Msimu wa mvua uliofuata, kijana alikuwa akirudi kutoka Kilifi na magunia ya mahindi, mama yake kiti cha mbele. Wakakuta kijito kimejaa, maji mekundu yakienda kasi. Waliokuwapo wakamhimiza: "Pita! Bomba lako liko juu ya paa!" Alishuka, akatazama. Jiwe ambalo siku zote huonekana pembeni lilikuwa limezama. Akazima injini, akasema, "Bomba linailinda injini, halilishikilii gari." Na ni kweli: maji yaendayo kasi, yakifika usawa wa goti, yaweza kulisukuma hata gari zito. Walilala pale, mama na mwana, hadi alfajiri. Waliswali kando ya njia, maji yakapungua, wakavuka.

Dada yangu aliniambia baadaye, "Nduyangu, usiku ule nilijua kwamba amekua." Mimi nilijua zaidi ya hilo. Kijana aliyekuwa akilitazama gari kuwa ni lake alikuwa ameanza kulitazama kuwa ni amana.

Kwa familia zenye gari la marehemu uani, nasihi yangu ni hii. Mali igawanywe mapema, kabla ya mmoja kuitilia fedha zake. Gari likadiriwe bei likiwa kama lilivyoachwa. Msipoafikiana, iko Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 imeipa mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu walioridhia kuhukumiwa nayo. Msiliache gari kwa jina la marehemu miaka na miaka. Mkibadilisha umbo lake, wajulisheni wenye bima na mamlaka ya usafiri, wala msipakie abiria wa kulipa bila leseni. Na enyi akina mama, ulizeni. Kuuliza haki si tamaa.

Pikapu ile ingali na rangi yake ya kijani. Imeanza kupauka, na hakuna aliyeona haja ya kuipaka tena. Daftari nimelitazama Ijumaa iliyopita: malipo ya binti wa Malindi yamekwisha, na ameyatilia sahihi yote saba.

Wabillahi tawfiq.