Harara, Barafu na Insulini ya Msafiri

Juu ya kila kisanduku cha insulini kitokacho kiwandani imeandikwa amri fupi isiyo na maelezo, ya kuwa dawa iliyomo ihifadhiwe baina ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za sentigredi, na isiachwe igande. Na mgonjwa wa kisukari aisomaye amri hiyo akiwa Tanga au Lindi, ambako hata usiku wa manane hewa haikaribii nyuzi hizo, hana budi kujiuliza atasafiri vipi. Wengi hulijibu swali hilo kwa barafu. Huinunua dukani ikiwa ngumu kama jiwe, hukitia kichupa cha dawa ndani ya deli, hukifukia katikati ya vipande, hukaza mfuniko, kisha hupanda basi moyo ukiwa umetua. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba, katika hatari mbili ziiandamazo dawa hiyo njiani, ile ya harara imetukuzwa kupita kadiri yake, na ile ya barafu imedharauliwa mno.

Insulini ni protini. Katika mwili wenye siha hutengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyo katika damu kuingia ndani ya seli. Akosaye insulini hubaki na sukari tele katika mishipa yake, ilhali seli zake zina njaa. Waliofanikiwa kuitoa katika kongosho za wanyama, ikawafaa wagonjwa, ni Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya J. J. R. Macleod mjini Toronto, wakisaidiwa na James Collip aliyeijua hila ya kuisafisha. Na mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo akapata nafuu, wakati ambapo maradhi yake yalikuwa hayana mwisho mwingine ila kifo. Kuijua dawa inavyofanya kazi, hata hivyo, si sawa na kuijua ilivyoumbwa. Frederick Sanger wa Cambridge ndiye aliyeonyesha kwamba kila molekuli yake ni minyororo miwili, mmoja wa amino asidi 21 na wa pili wa amino asidi 30, akatunukiwa Nobeli mwaka 1958 kwa kazi hiyo. Na Dorothy Hodgkin wa Oxford, aliyeanza kuipiga picha za eksirei tangu miaka ya 1930 alipokuwa bado kijana, hakulipata umbo lake kamili ila mwaka 1969, baada ya subira ya zaidi ya miaka 30.

Umbo hilo ndilo linalomhusu msafiri wetu. Ndani ya kichupa molekuli za insulini aghalabu haziishi peke yake, bali hukusanyika sita sita kuzizunguka chembe za zinki, na katika jamii hiyo kila moja huzificha zile sehemu zake zisizopenda maji. Jamii ikivunjika, molekuli iliyobaki pekee huweza kulegea na kukunjuka, zile sehemu zilizokuwa zimefichwa zikadhihirika, zikanata kwenye sehemu za mwenzake aliyefikwa na hali iyo hiyo, na huyo naye akanata kwa wa tatu, hata vikafanyika vitembwe vyembamba visivyoyeyuka wala kuwa na nguvu yoyote ya dawa. Harara huharakisha mambo hayo. Mtikisiko nao huyaharakisha, hasa pale dawa inapokutana na hewa ndani ya chupa, na kwa hiyo barabara mbovu ina sehemu yake katika hasara hii ijapokuwa hakuna aitajaye. Lakini izingatiwe kwamba yote haya huenda taratibu: katika jokofu huchukua miaka, katika hewa ya chumbani huchukua miezi au majuma, na ni katika joto la kupindukia tu ndipo muda hufupika ukawa wa siku. Harara, kwa maneno mengine, huitafuna insulini kidogo kidogo, na mwenye kuhesabu siku zake aweza kuitumia kabla haijaliwa kwa kiasi cha kudhuru.

Barafu haina subira hiyo. Maji yanapoganda hujipanga yakawa fuwele safi, na kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake, chumvi, dawa ya kuzuia vijidudu na insulini yenyewe, husukumwa pembeni, kikabanwa katika vijito vya maji vinavyozidi kuwa vyembamba. Hapo molekuli zilizokuwa zikikaa mbalimbali hulundikana, hugusana na kunatana, na barafu ikisha kuyeyuka hazirejei tena zilivyokuwa. Ile insulini ya rangi ya maziwa iitwayo NPH, ambayo asili yake ni kazi ya Hans Christian Hagedorn wa Denmark, aliyeichanganya insulini na protini itokanayo na mbegu za samaki dume ili ifanye kazi polepole, huharibika kwa namna ya peke yake: vifuwele vyake vidogo hugandamana vikawa madonge, hata mgonjwa anapovuta dawa katika sindano huenda mara hii akapata nyingi kuliko alivyoandikiwa na mara ya pili akapata kidogo, bila mwenyewe kubadili kitu. Hiyo walau huweza kuonekana kwa macho. Insulini iliyo angavu huweza kuganda usiku, ikayeyuka asubuhi, na ikatazamika angavu kama ilivyokuwa jana.

Barafu inayoyeyuka ndani ya maji yake hukaa kwenye nyuzi 0, na hiyo peke yake haitoshi kuigandisha insulini kwa urahisi. Hatari ni ile barafu ngumu itokayo moja kwa moja katika friza, ambayo huenda imefika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwenye kuitumia na asiiache iguse dawa kwa hali yoyote: aifunge katika taulo nene, kichupa akiweke ndani ya kibati chake, na baina ya hivyo viwili atie kitambaa kingine. Hadhari iyo hiyo yafaa katika nyumba za wageni, ambazo majokofu yake madogo mara nyingi yana kijumba cha barafu kwa juu na ukuta wa nyuma unaoganda. Mahali pa insulini ni mlangoni au rafu ya kati. Na anayesafiri kwa ndege asiitie katika sanduku linalopelekwa chini, kwa kuwa huko kwenye shehena baridi huweza kushuka hadi kugandisha, na kwa kuwa masanduku hupotea. Aichukue mkononi pamoja na barua ya tabibu wake.

Ushahidi mzuri kuliko wote niujuao kuhusu ustahimilivu wa insulini umetoka kwetu Afrika Mashariki, tena mahali ambapo hakuna ambaye angetazamia ilimu ya maabara kuzaliwa. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab katika kaunti ya Garissa nchini Kenya, madaktari wa Médecins Sans Frontières walikuwa na wagonjwa wa kisukari ambao nyumbani mwao hamna umeme, sembuse jokofu. Na kwa kuwa amri ya nyuzi 2 hadi 8 ilikuwa haivunjiki, wagonjwa hao walilazimika kuifuata dawa hospitalini kila siku, mwendo wa jua na vumbi, kwa ajili ya kudungwa sindano. Madaktari wakapima joto la nyumba za kambini, wakakuta linapanda mchana hadi nyuzi 37 na kushuka usiku hadi nyuzi 25. Kisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaliiga joto hilo katika maabara, wakizipandisha na kuzishusha aina kadhaa za insulini baina ya nyuzi hizo kwa majuma manne, muda ambao mgonjwa humaliza kichupa alichokifungua, na wakazilinganisha na zilizokaa kwenye baridi. Nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021, na maana yake kwa mgonjwa wa Dagahaley ilikuwa kwamba aweza kuiweka dawa nyumbani kwake.

Uchunguzi mwingine mpana, uliofanywa na jamii ya wataalamu wa Cochrane na kutolewa mwaka 2023, ulikusanya majaribio ya namna hii na kuhitimisha kwamba vichupa visivyofunguliwa vya insulini ya kibinadamu, ile ya muda mfupi na ile ya muda wa kati, huweza kukaa katika joto la hadi nyuzi 25 kwa miezi 6, au hadi nyuzi 37 kwa miezi 2, pasipo kupoteza nguvu kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Nisieleweke kuwa naipindua karatasi ya mtengenezaji. Aina mpya za insulini zina masharti yao, na mwenye kuzitumia amuulize mfamasia. Tena nyuzi 37 za kivulini si jua kali, wala si gari. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani huweza kupita nyuzi 50 ndani ya muda mfupi, na dashibodi yake huzidi hapo. Buti la basi, jirani na injini, silo mahali pa dawa. Nani atakuwa amelipima joto la humo?

Kwa safari ya siku moja au mbili, basi, kinachohitajika si baridi ya jokofu bali ni kuizuia dawa isipande juu ya joto la kawaida la kivulini, na kwa kazi hiyo wazee wetu walikwisha kuwa na chombo. Maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu hupenya katika matundu madogo ya ukuta wake yakakauka kwa nje, na kila gramu moja ya maji inayogeuka mvuke huondoka na joto la takriban kalori 580. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini ya Nigeria, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine na mchanga mbichi katikati, ili mboga za wakulima zisioze. Na mikoba ya kitambaa inayouzwa leo kwa wenye kisukari, iliyojaa chembe za polima ambazo zikilowekwa majini huvimba na kukaa na unyevu kwa siku kadhaa, hufuata kanuni iyo hiyo, bila barafu na bila hatari ya kugandisha.

Kanuni hiyo ina mpaka wake, nao ni unyevu wa hewa. Dodoma, hewa ikiwa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35, kitambaa kibichi kilichopepewa vizuri huweza kushuka hadi karibu na nyuzi 20. Mjini Mombasa, hewa ikiwa ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, kitambaa hicho hakitashuka chini ya nyuzi 28, hata kikipepewa mchana kutwa. Kwa hiyo mkazi wa pwani asiudhike akiuona mkoba wake haupoi kama alivyoahidiwa, wala asiufunge ndani ya mfuko wa nailoni kwa kuogopa kulowesha nguo, maana akiuzuia usipate hewa ameuondolea kazi yake yote.

Huko Makka mambo ni kinyume. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo vya zaidi ya mahujaji 1,300. Joto la namna hiyo hata ile insulini ya Dadaab haikujaribiwa kwalo. Lakini hewa ya jangwani ikiwa kavu humeza maji upesi, na mkoba uliolowekwa vizuri, ukaning'inizwa kivulini, hufanya huko kazi ambayo Zanzibar haungeiweza. Hujaji achukue ya siku hiyo tu, na iliyobaki aiache penye jokofu. Na ajue kwamba harara haimsumbui kwa dawa peke yake: ngozi iliyopata joto hupanua mishipa yake ya damu, insulini iliyodungwa ikaingia mwilini upesi kuliko kawaida, na mwendo mrefu wa miguu ukiongezeka juu yake sukari huweza kushuka ghafla, kwa hiyo tende au kifuko cha glukosi kikae mahali mkono unapofika.

Angani mna jambo dogo lisilosemwa sana. Hewa ndani ya ndege hupungua ikawa kama ya mlima wa kadiri ya mita 2,000 hivi, na kalamu ya insulini iliyoachwa na sindano yake huingiwa na mapovu, ambayo hukalia nafasi ya dawa na kupunguza kipimo. Sindano na itolewe kila baada ya kudunga, na kabla ya kudunga tena yajaribiwe matone mawili hewani. Vichupa na vigawanywe katika mikoba miwili, ili mmoja ukiibwa au ukisahaulika mgonjwa asishindwe. Juu ya kila kimoja iandikwe kwa kalamu ya wino tarehe kilipotoka katika jokofu, maana hesabu ya majuma manne ya mtengenezaji huanza siku hiyo, hata kama kifuniko bado hakijafunguliwa; na sukari ikizidi kupanda pasipo sababu ya chakula wala homa, kifunguliwe kichupa kingine ambacho hakijasafiri.